Mlango Uliofungwa Unalipiwa na Nani? Gharama za Uendeshaji katika Majengo ya Biashara Mwanza

Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ukurasa, imegongwa muhuri wa bluu, na mlinzi aliipitisha chini ya mlango wa ofisi yangu Jumamosi jioni, saa ambazo meneja wa jengo hapatikani kwa simu wala kwa kumfuata. Ilieleza kwamba kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji, kuanzia mwezi unaofuata kila mpangaji atachangia shilingi 240,000 kwa mwezi badala ya 150,000 za awali, na kwamba kodi ya pango haitaguswa. Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa imepigiwa mstari, kana kwamba tumepewa zawadi.

Jengo letu liko katikati ya Jiji la Mwanza, si mbali na Makoroboi. Lina sakafu tano na vyumba 24 vinavyolingana kwa ukubwa, vya chini vikiwa fremu za maduka, na vya juu vikiwa ofisi, mafundi cherehani, saluni moja na watu wa aina yangu wanaoishi kwa kuwaandikia wenzao vitabu vya hesabu. Jumatatu yake korido ilijaa mabishano. Mwenye duka la vipodozi alisema ni dizeli, wa saluni alisema ni maji, na mwingine akaapa kwamba ni kodi mpya ya serikali, ingawa hakuweza kuitaja jina. Mama mmoja mshonaji, ambaye amekaa katika jengo hilo kuliko sisi sote, alinionyesha kwa kidevu mlango wa jirani yake uliofungwa tangu Pasaka, akaniuliza, "Na huyu, mwanangu, analipiwa na nani?"

Nikapanda ngazi mpaka juu nikihesabu makufuli. Yalikuwa tisa.

Vyumba 24 vikilipa shilingi 150,000 kila kimoja, jumla ni shilingi 3,600,000. Vyumba 15 vikilipa shilingi 240,000 kila kimoja, jumla ni shilingi 3,600,000 ile ile. Gharama za jengo hazikuwa zimepanda hata kwa shilingi moja. Waliopungua ni wa kugawana, na meneja, badala ya kumwambia mwenye jengo kwamba vyumba tisa vitupu ni hasara yake, alichukua hasara hiyo akaikatakata na kuwagawia waliobaki, kisha akaiandikia jina la "kupanda kwa gharama".

Mabishano ya upangaji wa biashara katika mji wetu huishia kwenye kiwango cha kodi. Dalali anapokupeleka kuona fremu unamuuliza ni shilingi ngapi kwa mwezi, inalipwa ya miezi sita au ya mwaka, na kama kuna kilemba cha kumlipa anayeondoka. Ukishapata majibu hayo unaona umeujua mkataba wote. Kumbe katika majengo ya ghorofa yaliyojengwa miaka hii ya karibuni, yenye mlinzi, pampu, jenereta na kamera, sehemu ya mkataba inayoweza kukuumiza zaidi ni ile aya fupi isemayo kwamba mpangaji "atachangia gharama za huduma kadiri zitakavyokuwa", ambayo wengi wetu tunaipa jina la sevisi chaji na kuipita kama tunavyolipita tangazo la "usitupe taka hapa". Kodi ya pango imefungwa na tarakimu mpaka mkataba uishe, lakini gharama za huduma hazina tarakimu, na kwa hiyo ndimo presha yote ya mwenye jengo inamopata pa kutokea.

Niseme mapema kwamba sipingi mpangaji kuchangia gharama za jengo. Ataalikaje wateja wake kwenye ngazi chafu, na nani atamlipa mlinzi anayelala mlangoni pake? Ninachopinga ni mpangilio ambao mkono unaotumia fedha si wa mtu yule yule ambaye mfuko wake unatoboka. Mwenye jengo anayejua kwamba kila atakacholipa kitarudishwa na wapangaji hana sababu ya kutafuta fundi wa bei nafuu, wala ya kubadilisha taa za zamani zinazokula umeme, wala ya kuharakisha kupangisha vyumba vilivyo tupu.

Aina za mikataba zinaweza kupangwa kwa kuuliza nani anabeba hatari ya bei kupanda. Mkataba wa zamani, ambao bado ndio unaotawala kwenye fremu za Kirumba, Buzuruga na Igoma, una kodi moja iliyobeba kila kitu isipokuwa umeme wa ndani. Bei ya rangi ikipanda au mlinzi akidai nyongeza, hilo ni la mwenye jengo mpaka mkataba uishe. Upande wa pili kabisa ni mkataba unaomtaka mpangaji alipe juu ya kodi ya pango sehemu yake ya kodi ya jengo, bima na matengenezo yote, ambao ni wa kawaida sana Marekani kwa maduka makubwa, na mwenye jengo hapokei pango tu bali anapokea pango lisiloguswa na kitu. Katikati kuna mkataba wa mwaka wa msingi: gharama za mwaka wa kwanza zinahesabiwa kuwa zimo ndani ya kodi, na mpangaji analipa ziada tu ya miaka inayofuata. Unaonekana wa haki, na mara nyingi ndivyo ulivyo, lakini mwangalie mwenye jengo jipya anayekupa mkataba huo wakati nusu ya vyumba havina watu. Mwaka wake wa msingi utakuwa na gharama ndogo, maji kidogo, taka kidogo, ukarabati hakuna kwa sababu kila kitu kinang'aa, na kila kitakachotokea baada ya hapo kitaitwa ziada. Wanaoijua kazi hii hudai gharama za mwaka wa msingi zikokotolewe kana kwamba jengo limejaa, jambo ambalo sijawahi kuliona katika mkataba wowote niliopitia hapa Mwanza.

Ni haki pia kumwangalia mwenye jengo mahali alipo. Mji huu umekaa juu ya mawe. Shimo la maji taka ambalo kwingine lingechimbwa kwenda chini, hapa linakutana na mwamba na kuishia kina kifupi, hivyo gari la kunyonya linaitwa mara kwa mara. Maji ya MWAUWASA yanafika kwenye tangi la chini, na kuyapandisha mpaka matangi ya juu ya paa kunahitaji pampu inayokula umeme na kuharibika. Wapo wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, wakavamia taa za nje usiku kucha, na asubuhi mfagizi anazoa ndoo nzima kabla hajaanza kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kisha kuna jenereta. Katika mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingia kwenye gridi, jengo lisilo na jenereta halikuwa na wapangaji wa kulipa, na dizeli ya Mwanza haijawahi kuwa ya bei ya Dar es Salaam, kwani EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, huongeza ndani yake usafiri wa kuleta mafuta huku kwetu. Hizi ni gharama za kweli. Mtu aliyekopa benki kujenga hawezi kuzimeza zote.

Lakini gharama ya kweli ina sifa moja: inaweza kuonyeshwa. Ndiyo maana nimejizoesha kuchukua kila sababu inayotajwa kwenye barua za nyongeza na kuiweka kwenye karatasi.

Chukua kodi ya majengo, ambayo hutajwa sana kwa kuwa ina jina zito. Tangu 2021 inakusanywa kupitia LUKU, yaani mita za umeme wa kulipia kabla, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na jengo la ghorofa mijini shilingi 7,500 kwa kila sakafu, yaani 90,000 kwa mwaka. Jengo letu la sakafu tano linalipa basi shilingi 450,000 kwa mwaka mzima. Igawe kwa vyumba 24, kila chumba kinapata shilingi 18,750 kwa mwaka, chini kidogo ya 1,600 kwa mwezi. Mtu aliyekuambia kwamba nyongeza ya 90,000 kwa mwezi imesababishwa na kodi ya majengo hajakokotoa, au anategemea kwamba wewe hutakokotoa. Kodi hii ilitupa pia somo la bure mwaka ule wa 2021, pale wapangaji wengi walipojikuta wanailipa kwa sababu tu mita ya LUKU iko mikononi mwao, na jibu walilopewa ni kwamba wakaelewane na wenye nyumba warudishiwe. Mwenye mita ndiye anayelipa, na kurudishiwa kunategemea maelewano.

Umeme nao una hesabu yake. Kwa mteja wa kundi la T1, ambamo maduka na ofisi nyingi ziko, bei iliyopangwa 2016 ni shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, uniti inafika kama shilingi 356. Mwenye jengo aliyeweka mita ndogo kwa kila chumba na kukutoza 500 kwa uniti hakuuzii umeme kwa gharama. Anakuuzia kwa faida, na inawezekana kabisa kwamba yeye mwenyewe, kwa ukubwa wa jengo, yuko kwenye kundi la bei ya chini zaidi. Huenda ile tofauti inalipia taa za korido na pampu. Sawa, lakini basi taa za korido na pampu zisitokee tena kwenye orodha ya gharama za huduma, na hapo ndipo nimekuta kitu kile kile kimelipiwa mara mbili katika zaidi ya jengo moja.

Kosa ambalo ni gumu zaidi kuliona liko kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani. Tuseme fundi wa pampu aliyesajiliwa amemtoza mwenye jengo shilingi 1,180,000, ndani yake kodi ikiwa 180,000. Mwenye jengo naye akiwa amesajiliwa, ile 180,000 anaijaza kwenye ritani yake na kuirejesha, kwa hiyo pampu imemgharimu milioni moja kamili. Ankara sahihi kwa wapangaji ni milioni moja na kodi yake, jumla 1,180,000. Ninachokikuta mara nyingi ni meneja aliyechukua ile risiti ya 1,180,000 kama ilivyo, akaongeza asilimia 18 juu yake, na kufika 1,392,400. Shilingi 212,400 zimezaliwa kwenye kikokotoo. Mpangaji mkubwa anaweza kurejesha kodi aliyotozwa, lakini mwenye duka ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 200 kwa mwaka, na kwa hiyo hakulazimika kusajiliwa, anaimeza yote. Sidhani kwamba mameneja hawa wote ni wezi. Wengi hawajui, na hakuna anayewauliza.

Halafu kuna vitu vinavyodumu. Jenereta mpya ya shilingi milioni 40 itakayofanya kazi miaka kumi si gharama ya mwaka mmoja, ni mali ya jengo, na ikiwa mwenye jengo anataka wapangaji wamsaidie kuilipia, kila mwaka ubebe sehemu yake ya kumi, shilingi milioni nne. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu mikataba yetu ni mifupi. Mpangaji wa mwaka mmoja anayechangia jenereta nzima mwezi Februari na kuondoka Desemba amemnunulia mwenye jengo kifaa ambacho atakitumia kumvutia mpangaji mwingine kwa kodi ya juu zaidi. Paa, kuta za nje na rangi ya jengo zima ni vivyo hivyo.

Kwa upande wa sheria, mpangaji wa Mwanza hayuko uchi, ingawa nguo zenyewe ni nyepesi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inachukulia kwamba pale sehemu tu ya jengo inapopangishwa, kuweka paa, kuta kuu na maeneo ya pamoja katika hali nzuri ni wajibu wa mpangishaji, na kwamba kodi na tozo za mali hiyo ni zake pia isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Tatizo ni kwamba mikataba mingi husema vinginevyo, tena kwa maneno mapana, na kwamba wajibu wa kutengeneza na wajibu wa kulipia matengenezo ni vitu viwili: mwenye jengo anaweza kulitengeneza paa kwa uaminifu mkubwa na kukuletea bili yake. Sheria ya udhibiti wa kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo hakuna chombo kinachopanga kiwango. Mgogoro ukizuka unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako swali la kwanza litakuwa mkataba unasemaje. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2025 zilizokataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni zimeondoa mchezo mmoja, ule wa kuandika gharama za huduma kwa dola kwa kila mita ya mraba ilhali mlinzi na mfagizi wanalipwa shilingi. Hilo nalishukuru.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wamekwenda njia tofauti. Kisumu, kama Kenya yote, ina sheria ya mwaka 1965 inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa ambao mkataba wao haukuandikwa au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, na baraza lake maalumu lina mamlaka ya kupanga si kodi tu bali hata gharama za huduma. Wenye majengo walijibu kwa namna ambayo mfanyabiashara yeyote angeitabiri: wakaanza kutoa mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu. Uganda kwa sheria yake ya 2022 iliweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka kwenye nyongeza ya kodi. Nimesikia wapangaji hapa wakitamani kikomo kama hicho, na nawaelewa, lakini nina shaka nacho. Kikomo cha kodi kisichogusa gharama za huduma kinahamisha presha kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Na kikomo cha gharama za huduma chenyewe, kama ni cha asilimia tu, kinageuka kuwa ruhusa, kwa kuwa meneja aliyeruhusiwa kupandisha hadi asilimia 10 atapandisha 10, hata mwaka ambao bei ya dizeli imeshuka.

Mfano ambao umenifikirisha zaidi umetoka mbali, mjini Liverpool, Uingereza. Kampuni ya maduka ya vifaa vya michezo ya nje, Blacks, iligoma kulipa gharama za huduma za zaidi ya pauni 400,000 kwa miaka miwili ya hesabu, ikidai kwamba sehemu yake ilikuwa ya kazi zisizohitajika. Mkataba ulisema cheti cha mwenye jengo kuhusu kiasi kinachodaiwa ni cha mwisho, isipokuwa kuwe na kosa la wazi au udanganyifu. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mpangaji analazimika kulipa kwanza kwa mujibu wa cheti, halafu abaki na haki ya kufungua shauri kudai kwamba hakustahili kutozwa. Lipa sasa, bishana baadaye. Kampuni kubwa yenye mawakili inaweza kuishi na uamuzi huo. Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu hawezi, kwa sababu kwake yeye "baadaye" haipo; fedha aliyolipa ndiyo ilikuwa mtaji wa vitambaa vya Krismasi. Ndiyo maana nikiona kwenye mkataba maneno kama "hesabu za mpangishaji zitakuwa za mwisho", namshauri mteja wangu afutiwe hayo kabla hata ya kujadili kodi. Katika nchi hiyo hiyo kanuni za RICS, taasisi ya wataalamu wa majengo, zinataka mpangaji apewe makadirio kabla ya mwaka na hesabu baada ya mwaka, na hazikubali sehemu ya vyumba vitupu iangukie wapangaji waliopo. Lile swali la mama mshonaji tayari lina jibu kwa watu wa huko.

Sisi hatuna kanuni hizo, tuna kalamu tu. Na kwa kuwa mpangaji mdogo akileta madai kumi hufukuzwa na kuambiwa wapo wengine wanaosubiri fremu hiyo, inabidi achague. Mimi ningemshauri aache kupigania asilimia na apiganie kigawanyo, ile namba ambayo jumla inagawanywa kwayo. Iandikwe kwenye mkataba kwamba sehemu yake ni moja ya 24, au mita zake za mraba kwa mita zote zinazoweza kupangishwa, ziwe na watu au zisiwe na watu. Maneno hayo machache yanamrudishia mwenye jengo hatari ya vyumba vitupu, na pamoja nayo yanamrudishia sababu ya kubana matumizi, kwa vile katika kila shilingi inayotumika vibaya atakuwa na sehemu yake ya kulipa. Kipo kipingamizi cha haki hapa: maji na taka hupungua watu wanapopungua, na si sawa mwenye jengo alipie maji ya chumba ambacho hakina mtu wa kuyatumia. Basi vitu vinavyofuata idadi ya watu vigawanywe kwa waliopo, na vile visivyofuata, mlinzi, taa za ngazi, bima, matengenezo ya pampu, vigawanywe kwa vyumba vyote. Fremu za chini zenye milango ya barabarani, ambazo wateja wake hawakanyagi ngazi, zina hoja nyingine ya kupunguziwa, ila hilo wapangaji walimalize wenyewe kwa wenyewe. Mwenye jengo halimhusu.

Baada ya kigawanyo, jenereta. Badala ya kusoma "dizeli: 900,000" kila mwezi bila kujua imetoka wapi, mkataba unaweza kutaja kiasi cha lita kwa saa ambacho mashine hiyo inatumia, saa zilizosomwa kwenye kipima saa chake mwanzo na mwisho wa mwezi, na bei kikomo ya EWURA kwa Mwanza ya mwezi huo. Namba tatu, zote zinaonekana na kila mtu, na hakuna anayehitaji kumwamini mwenzake. Mwisho ni haki ya kuona risiti mara moja kwa mwaka, jambo ambalo hata mwenye jengo linamfaa, kwani mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, na afisa wa kodi akija atamuuliza kiasi gani kilikuwa pango na kiasi gani kilikuwa huduma, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi.

Nilimpelekea meneja wetu hayo matatu, nikiwa na mama mshonaji na mwenye saluni. Alitusikiliza kwa heshima. Alipoona ile hesabu ya 24 na 15 alicheka kidogo, akasema, "Kaka, hata mimi niliambiwa tu niandike." Wiki mbili baadaye mchango ulirudi 150,000, na kwenye mikataba mipya namba 24 imeandikwa kwa mkono pembeni ya aya ya gharama za huduma na kuwekewa sahihi. Kifungu cha risiti kilikatwa kwa mstari mwekundu. Kuhusu jenereta tulijibiwa kwamba litaangaliwa.

Nilitia sahihi hivyo hivyo, kwa sababu kuhama kungenigharimu kuta za mbao nilizozijenga, bango la nje, na wateja waliozoea kupanda ngazi zile. Mlinzi, ambaye hana ugomvi na mtu, ananiruhusu kuchungulia kile chumba cha nyuma kila Jumatatu asubuhi kabla meneja hajafika. Jumatatu iliyopita kipima saa cha jenereta kilisoma 4,212. Wiki moja kabla yake, 4,206. Saa sita. Nimeziandika kwenye daftari, tarehe na yote, na bili ya mwezi huu bado haijaletwa.